Mzee Steinweg, Seremala Aliyeanza Kuhesabu kwa 483

Ukikutana na kinanda kikuukuu cha piano, usitazame kwanza rangi ya mbao wala miguu iliyochongwa kwa nakshi. Tafuta namba. Kila kinanda kilichotoka katika kiwanda cha maana kimepigwa namba yake, kama vile mtu mzima alivyo na kipande chake, na namba hiyo ndiyo itakayokwambia umri wa mzee huyo aliyesimama mbele yako. Mbao hupakwa vanishi upya, miguu hubadilishwa, nyuzi hung'olewa zikatiwa nyingine. Namba hukaa.

Na katika namba zote za vinanda duniani, iliyonishughulisha mimi zaidi ni 483. Hiyo ndiyo namba ya kinanda cha kwanza kilichouzwa na kampuni ya Steinway & Sons ya New York katika mwaka wa 1853. Msomaji atashangaa: cha kwanza vipi kiwe cha mia nne na themanini na tatu? Ama kwa hakika swali hilo haliwezi kujibiwa bila ya kueleza maisha ya mtu mmoja, seremala wa Kijerumani aliyehama kwao akiwa na umri wa miaka 53, umri ambao wenziwe wengi walikuwa wakihesabu wajukuu barazani.

Niweke neno moja sawa kwanza. Sisi watu wa pwani tukitaja kinanda, huenda tunasema gambusi la mababu wa Lamu, au kodiani inayovutwa katika taarabu, au hata harimuni ya Kihindi. Hapa nasema juu ya piano: kasha kubwa lenye nyuzi za chuma zipatazo 230, nyundo ndogo zilizovikwa sufu iliyoshindiliwa, na vibao 88 vyeupe na vyeusi ambavyo ukikibonyeza kimoja nyundo yake huruka na kugonga uzi.

Mtu wetu aliitwa Heinrich Engelhard Steinweg. Alizaliwa mwezi wa Februari 1797 katika kijiji cha Wolfshagen, penye misitu ya milima ya Harz, katika dola ndogo ya Braunschweig. Wakati huo hapakuwa na nchi moja iitwayo Ujerumani. Palikuwa na madola mengi, makubwa kwa madogo, kila moja na mtawala wake na ushuru wake mpakani. Jambo hilo la ushuru tulikumbuke, kwa maana litarudi.

Hadithi za ujana wake ni nyingi. Husimuliwa kwamba radi iliua baba yake na ndugu zake mbele ya macho yake, na kwamba alipiga tarumbeta katika vita vya Waterloo. Ukoo wake ulizipenda sana hadithi hizi, nami naziacha zilivyo, hadithi. Lililo wazi ni kwamba alikuwa fundi wa mbao, na kwamba alikaa katika mji mdogo wa Seesen ambako mwaka 1825 alimwoa Juliane Thiemer. Mwaka huo huo alizaliwa mtoto wao Theodor, ambaye tutamkuta tena mbele.

Kinanda chake cha kwanza cha mlalo, kile chenye umbo la bawa la ndege, alikimaliza mwaka 1836, na alikitengenezea jikoni kwake. Naam, jikoni, penye meko na vyungu. Hata leo kinaitwa kinanda cha jikoni. Mwaka 1839 alipeleka vinanda vitatu katika maonyesho ya Braunschweig, na tangu hapo jina lake likaanza kutajwa nje ya Seesen. Wanawe walipokua aliwatia kazini mmoja mmoja, huyu kwenye mbao, huyu kwenye nyuzi, kama ilivyokuwa desturi kwetu kwa mafundi wa majahazi: mtoto hujifunza kwa kushika msumeno wa baba.

Kwa muda wa miaka 14 akafanya kazi hiyo, na kwa hesabu iliyohifadhiwa na kampuni yake vilitoka mikononi mwao vinanda 482. Gawanya, utaona ni pungufu ya vitatu kwa mwezi. Si kiwanda hicho, ni karakana. Lakini ni kazi ya umri mzima, na kila kimoja kilihesabiwa.

Kisha mambo yakaharibika. Kuta za ushuru baina ya madola yale zilimfungia soko fundi aliyekaa karibu na mpaka. Wanunuzi wa ng'ambo ya mpaka walikuwa karibu kwa miguu na mbali kwa gharama. Mwaka 1848 ukaja na maasi na fujo kote Ujerumani, na nani atanunua kinanda wakati wa fujo? Mwana wa pili, Carl, akatangulia Marekani mwaka 1849 kwenda kutazama hali. Habari alizopeleka nyumbani zilitosha. Mwaka uliofuata Mzee Steinweg, mkewe na watoto walipanda meli ya mvuke Helene Sloman kutoka Hamburg, wakateremka New York tarehe 29 Juni 1850. Meli ile ile ilizama baharini kabla mwaka haujakwisha, katika safari yake ya tatu. Theodor peke yake alibaki kuiendesha karakana ya baba.

Hapa ndipo napendezwa sana na mzee huyu. Alikuwa bwana wa kazi yake, ana vinanda 482 nyuma yake, naye hakufungua duka siku aliyoteremka. Yeye na wanawe waliajiriwa katika viwanda vya watu wengine wa New York kwa mshahara wa kila wiki. Kwa miaka mitatu walifanya kazi chini ya mabwana ambao baadhi yao pengine hawakuwafikia kwa ujuzi, wakitazama Waamerika wanapenda kinanda cha namna gani, na bei zikoje. Inasemekana mzee mwenyewe hakupata kukijua Kiingereza sawasawa mpaka mwisho wa maisha yake.

Tarehe 5 Machi 1853 waliweka kampuni yao, katika chumba cha nyuma cha nyumba moja ya Varick Street. Jina Steinweg maana yake kwa Kijerumani ni njia ya mawe. Wakaligeuza nusu yake tu likawa Steinway, ili Mwamerika aweze kulitamka. Kisheria walilibadilisha baadaye, mwaka 1864. Heinrich akawa Henry, Carl akawa Charles, Wilhelm akawa William.

Basi kinanda cha kwanza kikakamilika, nacho kilikuwa cha umbo la mraba kama meza, maana ndivyo Waamerika walivyopenda wakati ule. Kinahitaji namba. Fundi mwingine angeandika 1. Yeye akaandika 483. Kiliuzwa kwa jamaa ya Griswold wa mjini New York kwa dola 500, na leo kimo katika jumba la makumbusho la Metropolitan Museum of Art la mji huo huo.

Wapo wasemao kuwa ilikuwa hila ya biashara tu, kwamba mnunuzi akiona namba 1 ataogopa. Sikatai kwamba mfanyabiashara hufikiri hivyo. Lakini mimi naona zaidi ya hayo. Mtu aliyehama na kila kitu, hata jina lake, alikataa kuhama na hesabu yake. Bahari aliyoivuka haikumfanya mwanagenzi. Wahamiaji tunao wengi huku pwani, wa kutoka Hadhramaut, Kachi na Ngazija, na wengi walipofika walianza upya kabisa; wajukuu wao watanielewa nisemapo kuwa namba hiyo ina sauti ya mtu ndani yake.

Sasa namba hii hutafutwa wapi? Katika kinanda cha mlalo, funua kifuniko kikubwa utazame ile fremu ya chuma iliyopakwa rangi ya dhahabu, karibu na vigingi vya kukazia nyuzi. Katika kile kinachosimama ukutani, inua kifuniko cha juu na umulike ndani kwa tochi. Mara nyingi imo kwenye chuma, au imepigwa mhuri katika ubao wa pembeni. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu tu. Maji hayatakiwi, wala msasa, kwani hewa yetu ya chumvi imekwisha kuila ile rangi, na ukisugua utaondoka na namba yenyewe. Tena usidanganyike na tarakimu nyingine. Utakuta tarehe za hataza zilizosubiwa katika chuma, utakuta namba fupi za mafundi katika vibao vya kubonyeza. Hizo sizo. Na kabla ya namba lazima uwe na hakika na jina la mtengenezaji, kwa maana kila kiwanda kina hesabu yake.

Hili la jina lilimpata jirani yangu mmoja wa mtaa wa Kuze, hapa Mombasa. Marehemu baba yake alikuwa mpishi kwa Wazungu, nao walipofunga safari kwenda zao mwaka 1963 walimwachia kinanda. Miaka mingi kilikaa sebuleni kikiwekewa vikombe na picha za harusi. Mara akatokea dalali akasoma jina lililobaki mbele ya kinanda, Steinweg, herufi za kabla yake zikiwa zimefutika. Dalali akamweleza jirani yangu kwamba ndilo jina la Steinway kabla hajahamia Marekani, kwa hivyo kinanda kile ni kimoja katika vile 482 vya Ujerumani, na thamani yake Ulaya ni nyumba nzima. Alichotaka yeye ni ada tu, ilipwe kwanza, apate kumtafutia mnunuzi. Mke wa jirani yangu alikuwa amekwisha kutoa bangili zake za dhahabu sandukuni.

Niliitwa kwa kuwa watu wanajua napenda kupekua vitu vya kale. Tukainua kifuniko, mjukuu akashika tochi, nami nikafuta pole pole. Namba ikatokea, nayo ilikuwa na tarakimu tano. Vinanda vya Seesen havikupita 482. Hapakuwa na haja ya kitabu wala mtaalamu. Bangili zilirudi sandukuni, na dalali hakuonekana tena mtaani kwetu.

Kilikuwa kinanda cha nani basi? Jibu lake linatokana na msiba mkubwa wa maisha ya Mzee Steinway.

Miaka kumi na miwili ya kwanza ya New York ilikuwa ya baraka. Mwaka 1855 walipata nishani ya dhahabu katika maonyesho ya mji ule kwa kinanda cha mraba chenye fremu nzima ya chuma, ambamo nyuzi za sauti nzito zilipishwa juu ya nyingine badala ya kulazwa sambamba zote. Nyuzi hizo zikapata urefu, na sauti ikapata kina. Mwaka 1859 mwanawe Henry akapata hataza ya kutia mpango huo katika kinanda cha mlalo. Jambo hili si dogo. Nyuzi za kinanda kikubwa zikikazwa zote huvuta kwa nguvu ya karibu tani 20. Kwa mbao peke yake kasha lingejikunja kama jamvi. Vinanda vya mlalo vinavyotengenezwa duniani leo karibu vyote vinafuata njia ile. Mwaka 1860 wakajenga kiwanda kikubwa katika barabara ambayo sasa ni Park Avenue. Mwezi wa Julai 1863, wakati wa ghasia za kupinga kuandikishwa jeshi, kundi la watu wenye hasira lilifika mpaka mlangoni pa kiwanda hicho, likapozwa kwa maneno na pesa. William aliyaandika hayo katika kitabu chake cha kila siku.

Kisha ukaingia mwezi wa Machi 1865. Tarehe 11 akafa Henry kwa kifua kikuu, naye ndiye aliyekuwa akili ya uvumbuzi. Tarehe 31, mwezi huo huo, akafa Charles kwa homa ya matumbo huko Braunschweig, alikokuwa amekwenda kuwatazama jamaa. Baba mwenye umri wa miaka 68 alizikiwa wana wawili ndani ya siku ishirini, mmoja akiwa ng'ambo ya bahari.

Palihitajiwa mtu wa kushika nafasi ya Henry, na mtu huyo alikuwa Theodor. Yeye alikuwa na biashara yake Braunschweig, mafundi wake na maisha yake, naye hakuipenda New York. Hata hivyo alimwitikia baba. Aliuza biashara yake kwa washirika watatu, Grotrian, Helfferich na Schulz, akavuka. Washirika hao waliruhusiwa kujitangaza kuwa warithi wa Steinweg, na jina la vinanda vyao hatimaye likawa Grotrian-Steinweg. Miaka zaidi ya mia baadaye kampuni hizi mbili zilifikishana mahakamani Marekani juu ya jina hilo, na katika mwaka 1975 mahakama ya rufani ikaamua kwamba jina Steinweg lisitumiwe kuuzia vinanda nchini humo. Basi kile cha Kuze kilikuwa Grotrian-Steinweg, kinanda kizuri na cha heshima, lakini namba yake husomwa katika daftari nyingine kabisa.

Kipo kitu kingine nilichokiona siku ile, nacho kinatuhusu sisi wa pwani kuliko majina ya Wajerumani. Vibao vyeupe vya kinanda kile vilikuwa vimevikwa pembe ya ndovu. Utaitambua kwa mstari mwembamba ambapo vipande viwili, cha mbele na cha nyuma, vinakutana, na kwa michirizi midogo kama ya ukucha. Katika karne ile pembe nyingi za vinanda vya Marekani zilipitia Unguja. Wapagazi, na watumwa miongoni mwao, walizichukua mabegani kutoka bara hata Bagamoyo na bandari nyingine za mrima, wengi hawakufika. Meli za Salem zilizokuja kuzichukua ndizo zilizotuletea ule mkeka wa nguo tuuitao marekani mpaka leo, uliokuwa fedha ya misafara. Pembe zikaishia Connecticut, ambako upo mji ulioitwa Ivoryton, yaani mji wa pembe. Mmoja wa wenye viwanda wa huko, George Cheney, alikuwa ameishi Unguja akinunua pembe kabla ya kurudi kwao kuzikata. Zilikatwa vipande vyembamba, zikaanikwa juani ndani ya vibanda vya vioo mpaka ziwe nyeupe pe. Mabinti wa New York na Boston waliojifunza nyimbo za mahaba walikuwa wakigusa kwa ncha za vidole mzigo uliovunja mabega ya watu wa huku, na sioni sababu ya kulifunika hilo kwa kuwa tu mafundi walikuwa hodari.

Biashara hiyo ilipigwa marufuku na mataifa mwaka 1989, mwaka ambao serikali ya Kenya iliteketeza tani 12 za pembe Nairobi. Kwa hivyo mwenye kinanda cha zamani chenye pembe asifikirie kukiuza au kukisafirisha bila ya kuwauliza wanaohusika na wanyama pori. Huko nako ataulizwa umri wa kinanda, na namba itamfaa.

Tumrudie mzee. Baada ya mwaka 1865 mambo mengi yalikuwa mikononi mwa William, aliyejua kuuza, na Theodor, aliyejua kubuni. Mwaka 1866 walifungua ukumbi wao wa muziki, Steinway Hall, katika mtaa wa 14. Mwaka 1867 walipata nishani ya dhahabu katika maonyesho makuu ya Paris. Mahasimu wao wa Boston, Chickering, walipata ya dhahabu pia, na nyumba hizo mbili zikagombana magazetini juu ya dhahabu ya nani ilikuwa ya kwanza. Ugomvi wa watu wazima, lakini uliuza vinanda vya pande zote mbili. Mwaka 1870 William akaanza kununua ardhi Queens, ng'ambo ya mto, kwa ajili ya kiwanda na kijiji cha wafanyakazi.

Mzee hakukiona kijiji hicho. Alifariki New York tarehe 7 Februari 1871, siku chache kabla ya kutimiza miaka 74, na majuma matatu tu baada ya yale madola ya ushuru kutangazwa kuwa Ujerumani moja. Amezikwa Brooklyn katika makaburi ya Green-Wood, ndani ya jengo la ukoo.

Namba ziliendelea bila yeye. Ya 100,000 ilitengenezwa mwaka 1903 ikapelekwa Ikulu ya Marekani, na ya 300,000 ikafuata huko huko mwaka 1938. Mwaka 1972 ukoo uliiuza kampuni. Ya 500,000 ilitoka mwaka 1988 na ya 600,000 mwaka 2015. Hamburg, ambako walifungua kiwanda mwaka 1880, nako wanafuata mfululizo huo huo mmoja. Kila moja kati ya namba hizo imejumlisha ndani yake vile 482 vya Seesen, pamoja na kile cha jikoni.